Makumbusho Niliyompeleka Mama Mkwe

Nichekeni tu. Nilimtoa mama mkwe, Mkongomani, kutoka Buffalo hadi Columbus, huku Marekani, kwenye mtaa wa kale wa Wajerumani, ili aache kuwaambia watu kwamba bintiye ameolewa na mzururaji asiyejua kitu. Nyumba moja ya matofali ilikuwa wazi. Nikapiga hodi, kimya. Tukavua viatu, tukaingia.

"Haya ni makumbusho, mama. Kiti hicho alikikalia mchungaji wa Kijerumani."

Akakikalia, nikampiga picha. Mezani kahawa ilikuwa ikifuka mvuke. Nikamweleza kwamba Wajerumani huigiza kila kitu kama zamani.

Mara mzungu akashuka ngazi, kajifunga taulo, povu kichwani.

Mama mkwe akanigeukia. "Bon, mukwe, na huyu naye ni wa zamani?"