Nyumba Isiyo na Ukoo

Kwa miaka sita nimekuwa msimamizi wa nyumba ya vyumba vinane mjini Garissa, inayowapa makao watu waliotoka wodi ya wagonjwa wa akili na ambao jamaa zao hawakuja kuwachukua. Sikusomea kazi hii darasani. Nilijifunza kwenye vijitabu vya kuazima, nikaandika kanuni kumi na nne, na kwa kila kosa nikapanga barua tatu: ya ukumbusho, ya onyo, na ya kuondoka. Nakala ya hiyo ya tatu hutumwa kwa jamaa wa karibu.

Kanuni ya sita inakataza mnyama chumbani. Mzee wa chumba cha tano alikuwa na mbuzi.

Barua ya kwanza aliipokea kwa adabu, akaeleza kuwa mbuzi hakai chumbani, anakaa chini ya kitanda. Wiki iliyofuata nilimkuta amemsimamisha mlangoni, kichwa nje, akaapa wallahi mbuzi hayumo ndani. Nilichukua futi nikapima. Kwato za nyuma zilikuwa ndani kwa sentimita thelathini na mbili. Nikaandika barua ya pili.

Tatizo ni kwamba mzee alimeza dawa zake kwa maziwa ya mbuzi huyo tu. Kwa maji alizitema. Akikosa chumba angerudi kulala nyuma ya maroli sokoni, bila dawa, na nesi asingempata. Nililijua hilo nilipokuwa nikigonga muhuri barua ya tatu. Lakini kanuni niliziandika mwenyewe, na wapangaji wengine saba walikuwa wakinitazama.

Nakala ilikwenda kwa jamaa zake, upande wa Bute. Baada ya siku tisa wakafika wanaume kumi na mmoja kwa magari mawili. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kumjulia hali. Kumbe barua yenye muhuri waliisoma kama mashtaka, na mtu wa ukoo akishtakiwa, ukoo mzima huenda kujibu.

Tuliketi ukumbini kwenye mikeka. Kiongozi wao, mwenye ndevu za hina, alinisikiliza nikisoma kanuni ya sita mara mbili, kisha akauliza mlalamikaji ni nani. Nikasema ni nyumba.

"Sawa. Na hii nyumba ni ya ukoo gani?"

Nikajibu kwamba haina ukoo. Wakanong'onezana kwa Kisomali, kwa huruma, kana kwamba nimewaambia haina paa. Akanieleza taratibu kuwa kesi ni ya ukoo kwa ukoo. Bila upande wa pili, wao watazungumza na ukuta? Nikajitolea mwenyewe. Akakataa: mimi si wa nyumba hii, ni mtu wa kutoka Masalani, tena wa kuajiriwa.

Ndipo mama wa chumba cha pili, aliyekuwa akigawa chai, alipoweka birika chini na kuketi mkabala nao.

"Ukoo wa nyumba ni sisi," akasema.

"Mama, wewe ukoo yako ilishakuacha," mmoja wao akamdhihaki.

"Ndiyo maana nikapata mwingine."

Wapangaji wakaja mmoja mmoja wakaketi upande wake, mpaka wakawa saba. Kisha mshtakiwa mwenyewe akainuka katikati ya jamaa zake, akavuka ukumbi, akaketi na waliokuwa wakimshtaki. Nikamwambia amekosea upande. Akasema hakukosea.

Wageni walishauriana hadi chai ikaisha, ikaletwa nyingine. Sikuwaambia maziwa yake yalitoka kwa kielelezo cha kesi, yule mbuzi. Hatimaye mwenye hina akatoa uamuzi. Mtu hashtakiwi na ukoo wake mbele ya wazee wa ukoo mwingine. Kwa hiyo kesi hakuna. Na mbuzi si wa mpangaji tena, ni wa ukoo wa nyumba. Nikapitia kanuni zote kumi na nne kwa kidole. Hakuna iliyoikataza nyumba kufuga mbuzi. Nikaandika kwenye faili: barua ya tatu imefutwa, mbuzi ahamie uani.

Walikuwa wameshaanza kuvaa viatu walipotambua wamempoteza mtu wao. Mwenye hina akarudi hadi kwa mzee, bila ile sauti ya baraza.

"Walaal, ndugu yangu, sasa sisi ni wageni wako. Tunaweza kulala?"

Mzee akanigeukia mimi. Nikasema kanuni ya tisa inaruhusu wageni wawili kwa chumba. Wakabishana uani hadi alasiri, wote kumi na mmoja, nani abaki.