Mistari Mitatu ya Kepher Oyoo

Kepher Oyoo alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai nje ya Kericho, na ugonjwa wake ulikuwa kuhesabu silabi. Wengine pale laini, kwenye vyumba vya wafanyakazi, walikuwa na pombe. Yeye alikuwa na tano, saba, tano. Aliupata ugonjwa huo shuleni kwao upande wa ziwa, kwa mmisionari aliyewahi kuishi Japani. Mmisionari huyo aliwaambia wanafunzi kwamba Wajapani wana mashairi ya mistari mitatu tu, wa kwanza silabi tano, wa pili saba, wa tatu tano, na huyaita haiku. Wenzake waliisahau habari hiyo kabla ya kengele ya chakula. Kepher hakuisahau, na laiti angeisahau.

Mwaka wa 1934 Mhindi mmoja mpiga picha alipanda kutoka Kisumu na kamera yake ya miguu mitatu. Alibeba pia koti moja jeusi, maana alijua wachuma chai hawana. Wanaume wakapanga foleni na kulivaa zamu kwa zamu. Huyu limembana, yule limemmeza. Picha zingefika baada ya miezi miwili, na kila mtu alitaka yake iende nyumbani ikiwa na maneno ya Kepher mgongoni. Mgongo wa picha ndogo vile hautoshi barua, lakini mistari mitatu unaitosha. Kepher hakudai hata senti. Alitaka tu wakae wamsikilize akisoma, na wakisema "eeh, karani", siku hiyo alilala ameshiba sifa.

Katika foleni ile walikuwamo Okello na Amolo, waliotoka kijiji kimoja na kulala chumba kimoja. Mwezi wa saba baridi ilimwingia Okello kifuani. Siku ya nne akafa, akazikwa ukingoni mwa shamba. Bwana meneja akamwagiza Kepher amwandikie mama ya marehemu, mjane aliyeitwa Jerusa. Kepher akasema ndiyo, bwana, kisha hakuandika. Aliona barua ni kitu kikavu. Heri angoje picha, ampelekee mama uso wa mwanawe na shairi nyuma yake. Mtu mzima, mwenye kalamu na wino, anaagizwa kumwambia mama kwamba mtoto wake amekufa, naye anangoja picha!

Kwa Okello alitunga hivi:

*Chini ya chai*
*tumemzika mwana,*
*usimngoje.*

Kwa Amolo, ambaye tikiti zake za siku za kazi zingekwisha Desemba arudi kwa mkewe Apiyo, alitunga hivi:

*Fungua lango,*
*mtama ukiiva*
*nitaingia.*

Picha zilifika Jumamosi, zote kumi na moja. Jumapili baada ya ibada Kepher alizilaza kifudifudi juu ya meza, akapika gundi ya unga wa ngano, akaanza kubandika vikaratasi vyenye mashairi. Aliamini anajua kila picha ilipo. Lakini shairi la mtu wa nane lilikuwa linachechemea, lina silabi moja zaidi, na hilo lilimkera kama jiwe kiatuni. Mkono ukabandika huku akili inahesabu. Gundi ilipokauka alitazama nyuso moja moja, akatia kila picha katika bahasha ya nyumba yake. Nyuso zilikwenda kwao bila kosa. Migongo hakuisoma tena, maana aliijua kwa moyo.

Desemba Amolo aliaga laini nzima, akaondoka na shuka mpya ya Apiyo begani. Siku ya tisa alikuwa amerudi, amesimama mbele ya mizani, shuka bado iko begani.

"Karani," alisema, "nilikuta mama yangu ananikimbia. Mwalimu wa kanisa aliwasomea karatasi yako nyuma ya picha yangu. Mwili uko mbali, watafanya nini? Wamezika tunda la yago mahali pangu, wamelia, wamenyoa nywele."

Kepher alielewa papo hapo. Kwao, mtu akifia ugenini asipatikane, tunda hilo refu huzikwa badala yake, na likishaingia ardhini huyo ni marehemu.

"Na Apiyo?"

"Ndugu yangu amemrithi. Ako na mimba. Wazee wanasema mbuzi ikichinjwa inaweza kuondoa hicho kifo. Sawa, iondoe. Hiyo mbuzi itaondoa pia mtoto wa ndugu yangu?"

Wachumaji walikuwa wamesimama na vikapu vyao, hakuna aliyetaka kupimiwa. Amolo hakupaza sauti, na Kepher aliona afadhali angempiga.

"Omera, rafiki yangu, kitu kimoja tu. Mbona hukuandika jina? Ungeandika Okello, mwalimu angejua."

"Jina lingezidi. Okello ni silabi tatu."

"Lingezidi nini?"

Kepher aliinamia mizani. Aliona haya kiasi kwamba hakuweza kumtazama usoni.

"Enda kwa mama ya Okello," Amolo alisema. "Mimi nimeshaliliwa. Yule bado anangoja, na mimi alinikimbia kama wengine."

Kepher akaomba ruhusa, akatembea siku tatu. Alimkuta Jerusa anapepeta mtama, mwanamke mdogo wa mwili, mchangamfu, akamkaribisha kwa uji kabla hajauliza jina lake. Kepher hakunywa. Alisema yote bila kupamba: baridi, siku nne, kaburi, gundi, karatasi zilizobadilishana mahali.

Jerusa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia nyumbani, akatoka na picha iliyofungwa katika kitambaa. Alikuwa Okello, ndani ya lile koti, mikono imefichwa na urefu wake.

"Huyu si mwanangu?"

"Ni yeye, mama."

"Na hapa nyuma si imeandikwa anakuja? Nimesomewa mara nyingi, nimeshika yote." Akaisema mistari mitatu kwa Kiswahili chake cha kusuasua, silabi kwa silabi, bila kuangusha hata moja.

"Mama, hiyo niliandika mimi."

Mjane akamtazama viatu vyenye matope, akamtazama macho mekundu, akacheka kwa huruma.

"Wewe? Aliyeandika hii ni mtu wa maana," alisema, akiifunga picha tena. "Kunywa uji, mtoto wangu, halafu uende. Nina kazi. Okello akija atakuta mtama haujapepetwa."