Kahawa ya Mama na Lengo la Wiki Mbili

Mimi siwezi kufikiri nikiwa nimekaa. Wenzangu wananijua: kikao kikianza nakaa, baada ya dakika tano nimesimama, baada ya kumi napangusa meza ambayo haina vumbi. Ndiyo maana mwaka ule, tulipokuwa tunatengeneza mfumo wa ujumbe wa simu kwa wakulima wa kahawa, niliwatoa wenzangu watatu kwenye chumba chetu cha kupanga pale Mbinga mjini, tukashuka Mbamba Bay kupangia kazi ya wiki mbili ufukweni. Nilidhani ziwa lingenituliza. Wapi! Nilizunguka mchangani na kalamu mkononi hadi mama mmoja aliyekuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwani, akaniuliza nimepoteza nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kahawa mbivu ikishachumwa inatakiwa kumenywa maganda siku hiyohiyo, la sivyo inachacha. Mtambo wa kumenya ulikuwa mmoja, vijiji vingi, na kila msimu watu walishinda kwenye foleni na magunia yao mpaka yanapata joto. Mfumo wetu ungempangia kila mkulima siku na saa, kisha umtumie ujumbe jioni iliyotangulia zamu yake. Sisi watu wa programu tunaikata kazi vipande vya wiki mbilimbili, tunaviita sprinti, na kila sprinti inatakiwa iwe na lengo moja, sentensi moja, ambayo hata mtu akikushtua usingizini unaitaja.

Mimi sentensi moja ilikuwa hainitoshi. Pale ufukweni niliandika kwamba ujumbe uwafikie wakulima wote wa kijiji cha majaribio, ripoti ya msimamizi wa mtambo ikamilike, ramani ya vijiji ionekane, na kasoro zote za usajili ziishe. Mwenzetu mmoja, Mnyasa wa Chiwanda, fundi wa programu kunizidi mimi na mwenye ulimi usio na breki, aliisoma karatasi huku akitoa mwiba wa samaki mdomoni.

"Dada, hili siyo lengo, hili ni gulio," akasema. "Ninyi Wamatengo mmezoea kuchimba mashimo mlima mzima, mnadhani kila kitu kinalimwa hivyo. Mshika mbili moja humponyoka."

"Na ninyi mmezoea kutega nyavu mkalale, mnadhani kazi inakuja yenyewe," nikamjibu.

Tulicheka, lakini nilikasirika kidogo kwa sababu nilijua anasema kweli. Nikakubali sentensi ya kwanza iwe lengo na mengine yabaki kadi za kazi za kawaida tunazobandika ukutani ofisini. Ujumbe uwafikie wakulima wote. Niliipenda sana sentensi hiyo. Ilikuwa inapimika, na mimi kitu kinachopimika hunipa usingizi.

Ukweli ni kwamba kilichokuwa kinanikimbiza ni mama. Kijiji cha majaribio kilikuwa chetu, na ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wanawake saba wa kitongoji, akiwemo dada yake mkubwa, waache kumenya nyumbani kwa mashine ya mkono. Mashine ile inavunja mgongo, lakini ni yao, hawamsubiri mtu. Mama aliwaambia, "Mwanangu hawezi kutudanganya." Niliposimuliwa maneno hayo niliinuka nikaanza kupangusa meza. Ni afadhali mtu akutukane kuliko akuwekee heshima yake mkononi namna hiyo.

Mama ndiye pia aliyekusanya namba za simu. Kwetu ofisi ikikuuliza namba, hutoi ya kwako, kama unayo. Unatoa ya mume, au ya mtoto anayeelewa mambo. Basi wenzake walitoa za waume walioko Ngaka kwenye malori ya makaa ya mawe, na za watoto walioko Songea. Mama alitoa yangu. Mimi mwenyewe niliiingiza kwenye mfumo bila kufikiri, kama ninavyoiandika kwenye fomu zake zote.

Jumatano ya wiki ya pili, jioni, tukatuma ujumbe wa kwanza wa kweli. Simu yangu ikalia. Jina la mama, halafu: zamu yako ni kesho Alhamisi saa tisa alasiri, chuma asubuhi hiyohiyo. Niliruka. Nikaupiga picha nikautuma kwenye kundi letu, na kwenye skrini ya ukutani namba zote za kijiji zikageuka kijani, moja baada ya nyingine. "Umefika! Umefika!" nilikuwa nasema, na Mnyasa akanyanyua mikono kukubali kwamba nimeshinda.

Sikumpigia mama. Hata wazo halikunijia.

Wakati mimi naruka, mama na wenzake saba walikuwa wamekaa mtamboni juu ya magunia yao. Walichuma tangu alfajiri, kwa sababu walisikia mtambo umefunguliwa na hakuna aliyewaambia lolote zaidi. Msimamizi aliwaambia kwamba siku ile ilikuwa ya kijiji kingine, yao bado, wangesubiri ujumbe. Wakangoja kuonewa huruma hadi giza likaanza kuingia, wakabeba magunia kurudi nayo mlimani. Alhamisi walipoyarudisha kwa kubahatisha yalikuwa yananuka kama pombe. Mpokeaji wa kahawa aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa, akatikisa kichwa.

Haya yote niliyajua Ijumaa, katikati ya kikao cha mapitio. Ile picha ya ujumbe wa mama ilikuwa ukutani, kubwa, na mimi nimesimama mbele yake naeleza mafanikio. Mama akapiga. Aliniuliza kwanza kama nimekula.

"Kahawa nimeimwaga kwenye migomba," akasema. "Na wenzangu wamemwaga ya kwao. Wananiuliza mimi, mwanangu. Mimi nimuulize nani?"

Hakufoka. Angefoka ningeweza kujitetea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na iliyonichoma zaidi ni kwamba lengo lilikuwa limetimia. Hakuna namba hata moja iliyokosa ujumbe. Waliopata hawakuwa na kahawa, na waliokuwa na kahawa hawakupata. Sentensi yangu nzuri ilikuwa imeuliza kama sisi tumetuma, haikuuliza kama yeye amejua.

Sikungoja Jumatatu. Niling'oa kadi zote ukutani, ramani, ripoti, kila kitu, nikaandika: Anayechuma ajue siku yake kabla hajashika kikapu.

"Sasa hapo programu iko wapi?" Mnyasa akauliza. "Ujumbe ukishatoka kwetu, sisi tumemaliza."

"Tumemaliza nini?" nikampigia kelele. "Tumemaliza kahawa ya watu!"

Baadaye ni yeye huyohuyo aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Hawa akina mama wote wanakutana wapi?"

Kwenye jumuiya ya kanisa. Kila wiki wanasali pamoja, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, na baada ya sala yanasomwa matangazo. Lakini tangazo la wiki linahitaji ratiba ya wiki, na mfumo wetu ulikuwa unapanga kesho tu. Ilibidi tuubomoe kutoka tumboni. Kila asubuhi tulisimama mbele ya ukuta na kila mmoja akaulizwa jambo moja: ulichofanya jana kimemsaidia mchumaji kujua siku yake? Kama hapana, kiweke chini. Mara mbili nilijibu hapana mbele ya wenzangu, nikakiweka chini kitu nilichokipenda, vidole vikiniwasha.

Mwisho wake ikatoka karatasi. Ina kitongoji, jina la anayechuma, siku, na saa, na kiongozi wa jumuiya anaisoma baada ya sala. Mnyasa aliishika akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Watu wanne, wiki mbili," akasema.

Siku ya zamu ya kitongoji chetu nilikuwa mtamboni tangu asubuhi. Nilizunguka mpaka msimamizi akaniambia nikae au nibebe ndoo. Nikabeba ndoo. Saa ya mama ilipofika nikamwona anashuka mlima, gunia kichwani, haharakishi. Mpokeaji akaingiza mkono, akautoa na kahawa nyekundu inayong'aa, akamwambia amwage. Nikawaandikia wenzangu kwamba imepokelewa. Wakarudisha vialama vya makofi. Nilitaka kuruka tena, nikaangalia njia aliyotokea. Ilikuwa tupu.

"Wenzako wako wapi, Mama?"

"Wako nyumbani na mashine ya mkono. Zamu zao walizisikia vizuri tu. Mamkubwa wako alitoka kabla karatasi haijaisha kusomwa." Akakung'uta gunia lake. "Mimi nimekuja kwa sababu nimekuzaa. Wao hawajakuzaa."

Nikaanza kueleza. Sprinti ijayo tungeweza kuwapa zamu za mwanzo, tungeweza kuweka namba ya kupiga, tungeweza... Mama akakunja gunia akaliweka kwapani.

"Twende," akasema.

Tulipanda mlima. Mamkubwa alikuwa uani kwake, anazungusha mkono wa mashine, maganda yanaangukia kwenye beseni miguuni pake. Nilisimama mbele yake, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mamkubwa."

Mashine ikaendelea kuzunguka. Akachota kahawa nyingine kwa bakuli, akaimimina, akazungusha. Tangu nizaliwe sijawahi kunyimwa marahaba, na sikujua mikono inawekwa wapi ukiwa unaisubiri. Nikageuka kumtazama mama anisaidie.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.