Badawi na Taa ya Ndugu Yake

Mume wangu Badawi alikuwa haamini mtu, na mimi nimo. Nikimwambia chai ina sukari, ataonja kwanza. Alikuwa fundi wa taa Mji wa Kale, duka lake likitazamana na mlango wetu, na kazi yake ilikuwa kutafuta vifaa vya taa za pikipiki za kikale, zile zinazowaka kwa gesi ya mawe yanayotiwa maji, na kukata shauri kipi ni cha kiwandani na kipi kimeundwa juzi na fundi bati.

Mtu akileta taa, hamkaribishi hata kiti. Ataigeuza, ataikwaruza kwa ukucha chini ya kishikio, kisha atafungua kile kikombe cha mawe apeleke pua. "Hii haijawahi kuwaka," atasema. "Umeitoa wapi?" Umeitoa wapi! Ndiyo ilikuwa salamu yake, mtu hajavuta pumzi. Lakini nisimsingizie, miaka ile ya vita walaghai walijaa. Kioo cha taa hii watakipachika kwenye mwili wa ile, wapake masizi kidogo, waape wallahi imetoka Ulaya hivyo hivyo.

Sasa, mdogo wake Jaffar alikuwa na pikipiki ya namna hiyo, na aliipenda kupita kiasi. Alipochukuliwa jeshini kwenda Burma, Badawi alimshika mkono akamwambia, "Nenda na amani. Utaikuta kama ulivyoiacha." Lori la askari lilipokuwa likiondoka, Jaffar akapaza sauti, "Kaka! Karabai nimemwachia Kombe!" Badawi akamjibu, "Si kitu, karabai tunazo!" Usiku huo alituhadithia akicheka, kwamba mtu anakwenda vitani na bado anawaza karabai ya pampu, ile aliyokuwa akienda kuvulia na Kombe.

Hazikupita siku nyingi, Badawi akafunua gunia aifute pikipiki vumbi. Taa haipo! Kikombe hakipo, mpira wa kupitisha gesi haupo. Na havikuvunjwa, vimefunguliwa kwa spana taratibu.

"Mwizi wa nje angevunja," akasema, mato yamemtoka. "Huyu alikuwa na nafasi. Nani alilala humu na Jaffar usiku wa mwisho? Kombe."

Kombe si mtu wa kutajwa hivyo. Mamake, Bi Dama wa Likoni, ndiye aliyemnyonyesha Jaffar mama mkwe wangu alipofariki kwa uzazi. Kwa hivyo Kombe na Jaffar ni ndugu wa ziwa moja, na Jaffar hakumjua mama mwingine ila Dama. Nikasema, "Babake Mwanakuu, muulize basi."

"Nimuulize ili aifiche zaidi? Na weye usithubutu kuitaja hiyo taa." Akaniapisha, ati mwizi asishtuke.

Basi akaanza upelelezi. Kombe alikuwa akifunga kamba za feri, na Badawi atakwenda asimame pale mbali, amtazame mikono. Wauza vyuma vikuukuu wote aliwaambia, taa ya namna hii ikitokea nijulisheni. Siku moja ikaletwa moja kutoka Mbaraki. Alishinda nayo Ijumaa nzima, chakula kikapoa. Ya Jaffar kishikio chake kilikatika zamani, na Badawi mwenyewe alikiunga kwa ribiti ya shaba nyekundu. Hii haikuwa na ribiti wala alama ya ribiti.

"Si yenyewe," nikasema.

"Ameing'oa akaziba tundu."

Lo! Hata kisichokuwepo kimekuwa ushahidi? Nilimwachia sinia lake nikaenda zangu jikoni.

Kombe si mjinga, aliona. Salamu zilipokuwa haziitikiwi, akaacha kuja kwetu. Kisha Bi Dama akafariki. Kwa kuwa Jaffar hayupo, Badawi ndiye aliyepaswa kumtia mchanga badala ya mwanawe. Nilimsihi, nikalia.

"Siendi kukaa matangani kwa mwizi," akasema, akaendelea kusugua kioo.

Nilikwenda peke yangu. Kila feri ikitia nanga, Kombe alimwuliza anayeshuka, "Badawi yuwaja?" Walichelewesha maziko kwa ajili yake, jua likawa linashuka, wazee wakaanza kunung'unika. Mwisho wakazika. Kombe akaniuliza, "Bi Mwanabaraka, nimewakosea nini?" Nami nimeapishwa. Nilirudi nimemchukia mume wangu, na sioni haya kulisema.

Vita vilipokwisha Jaffar akarudi, amekonda, begi begani. Kabla ya kunywa maji akafunua gunia. Badawi akamshika mkono.

"Jaffar, ndugu yangu, ahadi imenishinda. Taa imeibwa. Lakini mwizi namjua."

"Imeibwa vipi?" Jaffar akashangaa. "Kaka, si nilikwambia? Karabai nimemwachia Kombe."

"Si ile ya kuvulia?"

"Ya kuvulia tulishaiuza. Sisi wenye pikipiki hiyo taa ndiyo twaiita karabai, kwa yale mawe yake ya kabaidi. Nilimwambia Kombe asimpe mtu yeyote, anipe mimi mkononi. Nakujua, Kaka. Mteja akikubembeleza utaiuza."

Mimi ningejua wapi? Kwangu karabai ni ya pampu. Lakini yeye, fundi wa taa mji mzima!

Jaffar alikuwa akicheka. "Twendeni basi nikaichukue, nimwamkie na mama." Akamtazama Badawi, akanitazama mimi, kicheko kikaisha. Ilinibidi nimwambie mimi, maana kaka mtu alikuwa ameketi chini sakafuni, kichwa mikononi. Nilimwambia yote, na kiapo nilikitupa.

Tulivuka kwenda Likoni. Kombe alitupokea uani. Alimkumbatia Jaffar, wakalia wote wawili, kisha akaingia ndani akatoka na furushi limefungwa kwa leso. Leso ya Bi Dama, niliitambua.

"Mama alikuwa akiipanguza mwenyewe," akasema. "Akisema mwanawe asije akaikuta na kutu."

Akaifungua. Ribiti ya shaba nyekundu ilikuwa pale pale. Badawi akanyoosha mikono yote miwili kuipokea.

"Shika, Kaka Badawi," Kombe akasema polepole. "Ikwaruze. Inuse. Isije ikawa si yenyewe."

Badawi akairudisha mikono. Akauliza kaburi liko upande gani. Kombe akamwonyesha kwa kidole, hakumpeleka.