Ukili wa Alasiri

Hapana, si mganga. Wala si kombe. Aliyenitoa kwenye ulevi wa tembo la mnazi ni mwanamke mmoja wa Kibondei, mjane, Mkristo, mdomo mchungu, na mpaka leo nikimkumbuka namkasirikia.

Kombe nilikunywa, nisiseme uongo. Kaka yangu alikuwa akikata mkonge huko Pongwe. Habari zikamfikia kwamba dada yake kaachwa na mume, anakaa peke yake Nguvumali, na kila jioni anaokotwa njiani. Akaja na mwalimu wake wa chuo cha Kurani. Yule mwalimu alikuwa akisemea puani, maneno anayavuta kama mtu anavuta kamba kisimani: "Biiinti, kunywa hiiili, utalichukia teeembo." Aya kaziandika kwa zafarani sahanini, kaziosha kwa maji ya waridi. Nikanywa, tamu. Alasiri nikashushia na tembo.

Kaka alipoambiwa akasema, basi, mimi sina dada. Sauti yake yeye sikuweza kuiiga hata siku moja, maana alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu hapo hakuniongezea hata hayo machache.

Hiyo ni miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mgema wetu akishuka mnazini alasiri alikuwa anapita na kibuyu chake, anaita kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Limeshuka, jamani, limeshuka, bado lina usingizi." Tukimsikia tunamfuata kwake kama bata. Na kwake mimi ndiye niliyekuwa mtu. Nilikuwa naiga watu, we acha. Namwiga mwalimu na pua yake. Namwiga bibi mmoja wa Kiarabu pale mtaani anavyomkoromea mpishi wake: "Nazi hii umeikuna au umeitafuna?" Walevi wanajishika mbavu. Wakiona kata yangu tupu wanaijaza, ili niendelee. Sasa niambie, nani angeacha?

Siku moja nikaangukia mlangoni kwa yule mjane, kichwa changu kwenye kizingiti chake. Hakusema maskini. Alisema, "Ondoa kichwa, napita." Kesho yake alasiri namwona anaingia kwangu, hodi hakupiga, kwapani ana mzigo wa miyaa, yale majani ya kusukia ukili, ule utepe wa kushonea mikeka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Suka ukili."

"Nisuke ili iweje?"

"Ukili unataka mikono yote miwili. Wa kushika kata hautabaki."

Nikamuuliza nani kamtuma, kaka yangu? Akasema, sauti yake nzito, kila neno analiweka chini kama anatua mtungi: "Sijatumwa. Mume wangu kaliwa na tembo. Nilikuwa namgombeza tu, sikuwahi kukaa naye. Kaa."

Nikakaa. Yeye akakaa mbele yangu, mguu wake akaukanyagisha kwenye upindo wa kanga yangu. Mgema akapita, limeshuka jamani. Nikataka kuinuka. "Inuka," akasema. "Utatoka uchi." Mguu hakuutoa.

Ikawa hivyo kila alasiri mpaka adhana ya magharibi. Zile za mwanzo nilikuwa natetemeka, natoka jasho la baridi, natapika kwenye beseni lake. Ukili wangu umelegea hapa, umekaza pale, unapinda. Anaushika kwa vidole viwili: "Huu ukili au utumbo wa kuku? Fumua." Nafumua, naanza tena. Nikamtukana matusi yote niliyokuwa nayo, nikaazima na ya wengine. Anasuka tu.

Nikataka nimchekeshe. Nilimfanyia sauti ya mgema, nilimfanyia ya bibi wa Kiarabu, wapi. Siku nilipomwiga yule mwalimu wa kombe, akageukia ukutani na mabega yakamcheza. Alipogeuka tena kwangu, uso mkavu kama ubao. "Fumua hapo," akasema.

Basi mikono ikatulia. Ukili ukaanza kunyooka, na ulipoanza kunyooka, naye akaanza kuchelewa. Mara anakuja jua limeshapoa, mara haji. Nikamuuliza. "Kuna mwingine mtaa wa nyuma," akasema. "Yule anaumwa."

Nikabaki na alasiri yangu. Wale wa kwa mgema hawakuja, waje kufanya nini kwa mtu hanywi? Na wale wanawake wenye heshima zao hawakuja pia, maana kwao mimi bado ni yule mlevi. Nikawa napiga hodi mwenyewe kwa sauti ya bibi wa Kiarabu, najiitikia karibu kwa sauti yangu, napiga soga peke yangu. Mgema akipita nilikuwa namsikia, na moyo haushtuki. Nilichokitamani si tembo. Nilitamani ule mguu kwenye kanga yangu.

Nikafanya shauri. Nikaenda kwa mgema, nikaomba kata moja, nikajimwagia kifuani na mabegani kama marashi. Tone halikugusa ulimi. Yule mgema akaniangalia kwa huruma: "Dada, tembo hunywewa, halivaliwi."

Nikapita mlangoni kwa mjane nayumba, ulimi mzito, naimba nusu nusu, nagombana na kuku. Nilijiiga mwenyewe. Katika sauti zote nilizowahi kutoa, ile ndiyo iliyotoka sawasawa kuliko zote, watu wa njiani wakanipisha.

Akaja. Mzigo wa miyaa kwapani, hodi hakupiga. Akakaa, mguu akauweka palepale pake. Nilifurahi hata nikaogopa kulia. Nikawa naropoka na kucheua, na mikono yangu ikachukua miyaa yenyewe, kwa mazoea, ikasuka.

Jua liliposogea hakuniangalia usoni. Aliinama, akauvuta ukili uliokuwa mapajani pangu, akaupitisha vidoleni tangu mwanzo mpaka mwisho. Umenyooka kama reli.

Akautoa mguu kwenye kanga yangu. Akakusanya miyaa yake.

"Mdomo umelewa, mikono haijalewa," akasema. "Mimi nakaa na walevi. Wewe katafute watu."