Okide Isiyo na Majani

Kazi yangu ni vitenge, na kitenge hakichaguliwi kwa uso. Unakigeuza, unaangalia mgongo kama rangi imepenya, unakibana mkononi, unakiachia. Mwenye kununua kwa kuangalia upande mmoja atalia siku ya kufua. Akili hiyo ndiyo niliyoingia nayo katika pepinyeri ile, kitalu cha miche karibu na mji wa Aru, na ndiyo iliyoniletea vita nyumbani kwangu, hapa mtaa wa Bigo, Bunia. Vita vyenyewe nilivishinda. Nasema mapema ili msinihurumie bure.

Ugonjwa wa kupenda okide, maua yale yanayoota juu ya miti, ulinipata kwenye kuni. Mwanamke anayetuletea kuni alishusha mzigo, na juu ya gogo moja palikuwa na mmea mdogo umelikumbatia gome kwa mizizi. Nikaubandua kabla haujaingia motoni, nikaufunga kwa uzi kwenye kipande cha mti, nikautundika kwenye barza ya mbele ya nyumba. Ukatoa maua ya manjano yenye madoa. Basi, nikaisha! Tangu hapo kila nikienda Aru kuchukua bidhaa nilikuwa naulizia, hadi dereva wetu akaniambia kuna muzee mmoja nje ya mji anayeotesha okide peke yake, tena zile za asili, si zile za kuchanganywa zinazopambwa mezani hotelini.

Muzee yule hakukuruhusu kugusa kitu kabla hajakuhoji. "Barza yako inaangalia wapi? Jua ya asubuhi ao ya magaribi? Upepo inapita? Maji ya mvua unakingaka?" Nikajibu kwa adabu zote, kama mtu aliyekwenda kuposa. Mwishowe akasema, "Chagua." Lakini gari letu lilikuwa limejaa marobota, na dereva alishanionya: nibebe kile tu ninachoweza kupakata. Mapaja yangu ni makubwa, namshukuru Mungu, lakini hata hivyo ni mimea miwili, si zaidi.

Wa kwanza haukunisumbua, ulikuwa na mizizi minene na majani magumu yanayong'aa. Wa pili ndio ulionitesa. Kulikuwa na okide moja imechanua yote, maua ya waridi yamejaa hadi unasikia aibu kuyapita. Nikaishika. Nikaigeuza, kwa mazoea yangu. Chini mizizi ilikuwa michache, myembamba, ya kahawia.

Muzee hakuficha. "Ile imechoka. Ilijitoa yote ku maua. Ngojea mwaka ijayo, itarudisha nguvu."

Nikairudisha. Hapo nikaona, nyuma kabisa, kipande cha mti kinaning'inia, na juu yake fungu la mizizi ya kijivu. Mizizi tupu. Nikadhani mmea umekufa, amesahau kuutupa.

"Ile haijakufa," akasema. "Njo vile ilizaliwa. Haina majani. Mizizi inafanya kazi ya majani. Mvua ikirudi, itatoa maua. Lakini batu banaikimbia."

Nikaibonyeza mizizi kwa kidole. Migumu, imejaa, na kila ncha ilikuwa ya kijani kibichi. Katika pepinyeri nzima hapakuwa na mizizi mizuri kama hiyo. Nikasema, "Hii ni yangu." Nikarudi Bunia nimeipakata pamoja na mwenzake njia nzima, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, nacheka peke yangu.

Sasa, barza yangu ina sehemu moja tu inayopata jua la asubuhi na upepo vizuri, nayo ni juu ya mlango. Nikaitundika pale, wala sikufikiri. Mama mkwe wangu anaishi nasi, naye ndiye anayeongoza kikundi cha maombi cha akina mama, na kikundi hukutana kwenye barza hiyohiyo. Alitoka, akainua macho.

"Ile njo nini?"

"Ni maua, Mama."

"Maua iko wapi?"

"Bado."

"Na majani?"

"Haina majani."

"Ee Mungu! Walikuuzishia mizizi! Mizizi tupu, imefungwa na uzi, na weye unaitundika ku mulango sawa dawa ya bafumu, ya baganga?"

Nikaangalia upya kwa macho yake, na kusema kweli, ndivyo ilivyoonekana hasa. Lakini mimi ni mbishi. Ningeishusha siku ile, mambo yangeisha. Badala yake, akina mama walipofika na kuanza kunong'onezana, nikaleta chupa ya kupulizia maji. "Mutaona kama ni mumea," nikasema, nikapulizia. Mizizi ile ikinywa maji hubadilika rangi. Ikatoka kijivu, ikawa kijani, palepale, mbele ya macho yao.

"Yesu!" mmoja akapiga kelele. "Inageuka! Inageuka!" Viti vikaanguka. Maombi yaliyofuata yalikuwa marefu, yote yameelekezwa juu ya mlango wangu, na mimi nikashindwa kujizuia, nikacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Mama mkwe akafunga sanduku lake. Alisema anakwenda mtaa wa Lumumba kwa mtoto wake mwingine, hawezi kulala chini ya mizizi. Hapa kwetu, mama mkwe akitoka kwako na sanduku kwa sababu ya kitu kilichotundikwa mlangoni, soko zima litajua kabla hajafika anakokwenda, na hakuna atakayegusa kitenge chako tena. Lakini si soko lililoniuma zaidi. Mama huyu ndiye aliyenipokea nilipotoka Butembo, sina mama wala shangazi, akanilelea watoto wangu wote mgongoni mwake. Nilimpenda. Sikutaka aende. Na mmea wangu pia sikutaka kuuchoma, kwa sababu niliuchagua vizuri na nilijua hivyo.

Mume wangu, mtu asiyependa ugomvi hata na mbwa, akasimama kati ya sanduku na mlango. "Tungoje mpaka Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Ikitoa maua, inabaki, na Mama anabaki. Ikikosa, Mama ataichoma yeye mwenyewe, na weye hautasema kitu."

Tukakubaliana, kila mmoja amenuna.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu, jamani! Wateja wawili wa kikundi cha maombi waliacha kununua kwangu. Kila asubuhi nilipulizia maji, na kila asubuhi mama mkwe alipita mlangoni ameinamisha kichwa. Mvua ikarudi, mizizi ikanenepa, maua hakuna. Mume wangu akawa ananiuliza kwa macho tu, nami najibu kwa mabega. Nikaanza kuogopa kwamba muzee wa Aru alinidanganya, na kwamba mama mkwe atauchoma mmea wangu ana haki.

Kisha, wiki ya Pasaka imeingia, nikaona vijiti vyembamba katikati ya mizizi, na juu yake vinundu vidogo vyeupe. Sikumwambia hata mume wangu. Vinundu si maua, na makubaliano yalikuwa maua. Ijumaa Kuu vilikuwa bado vimefunga. Siku ile niliomba kuliko kikundi kizima.

Jumamosi asubuhi nikasikia makaa yanapasuka uani. Mama mkwe alikuwa amewasha babula, jiko letu la makaa, mapema kabisa. Akachukua kigoda, akakiweka chini ya mlango, akapanda. Nikasimama nyuma yake, nimeuma midomo kwa sababu nilishaahidi kunyamaza.

Akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani.

Jua lilikuwa limefika juu ya mlango. Fungu lote lilikuwa limejaa maua madogo meupe, kila ua si kubwa kuliko punje ya mchele, mengi hadi mizizi karibu isionekane. Akayaangalia. Akasogeza uso, akayaangalia tena.

"Kumbe," akasema polepole. Kisha, bila kugeuka, "Moto iko tayari. Weka chai."

Nililia nikiweka chai, sioni haya kusema. Nililia na kucheka, na sukari nikaitia mara mbili.

Siku ya maombi, akina mama walipofika na kusimama mbali, chupa ya kupulizia haikuwa mkononi mwangu. Alikuwa nayo yeye. "Mukaribie," akawaambia. "Haina majani, juu ya vile Mungu alipea mizizi yake kazi yote. Muangalie sasa vile inakunywa maji." Akapulizia. Mizizi ikageuka kijani. "Yesu!" wakasema wote, na safari hii hakuna kiti kilichoanguka.

Walipoondoka, akakaa kando yangu, sanduku lake liko palepale chini ya kitanda, limefunguliwa zamani.

"Mukamwana wangu, Aru unarudia lini?"

"Nikimaliza bitenge, Mama. Lakini napakata miwili tu, gari hujaa."

Akajipiga mapajani kwa viganja vyote viwili. "Tutaenda siye wote. Weye utapakata yako, miye nitapakata yangu."