Punje ya Makande Kwenye Tarumbeta la Babu

Shaba iliyosuguliwa kwa majivu na ndimu ina harufu yake, na ukiichanganya na moshi wa kuni mbichi na makande yaliyolala jikoni tangu jana, umepata Julai ya nyumbani kwetu Bombo, kule milimani. Nilikuwa darasa la tatu. Ukungu ulishuka mpaka hujui mbuzi yupi wako na yupi wa jirani. Babu yangu alipuliza besi katika bendi ya matarumbeta ya usharika, na baridi ilikuwa adui yake. Shaba ikipoa sauti hushuka, midomo nayo hufa ganzi. Kwa hiyo kabla ya ibada kile kikombe kidogo cha kupulizia, tulichokiita kidomo, lazima kipate joto. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikibana kwapani, chini ya sweta mbili, tangu nyumbani hadi kanisani. Wenzangu walibeba Biblia, mimi nilibeba chuma.

Mwaka ule kulikuwa na jambo zaidi ya baridi. Meno mawili ya mbele ya Babu yalikuwa yanacheza, na mwalimu wa bendi alishaanza kumtazama mdomoni kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Babu akawa anatafunia pembeni na kucheka amefunga mdomo. Bibi akamwambia mficha maradhi kilio humfichua. "Kilio gani, mama? Jumapili ya mavuno napuliza, utasikia," Babu akamjibu. Sote tulijua asipopuliza Jumapili hiyo, besi inakwenda kwa mwingine.

Asubuhi ya Jumapili yenyewe kwapa langu liligoma. Kile chuma kilikuwa cha baridi kiasi kwamba nilikiogopa. Basi Bibi alipotoka kuchota maji, nikakitumbukiza kwenye chungu cha makande yanayochemka, nikakiopoa kwa upawa, nikakifuta kwenye sweta. Moto safi. Nilijiona mhandisi.

Kanisani Babu alivuta pumzi, akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Nikacheka, maana kumcheka babu ndiyo kazi ya mjukuu. Akajaribu tena, haikutoka hata ya mbuzi. Hakubishana na mtu. Alipitisha ulimi kwenye yale meno, akalilaza tarumbeta mapajani, akamwambia mwalimu taratibu, "Mwalimu, yameisha. Tafuta kijana." Nilikuwa benchi la mbele na nilimsikia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ya chungu cha makande niliijua peke yangu. Nikainuka, nikapita mbele ya mchungaji na watu wote, nikamnong'oneza:

"Babu, si meno. Ni makande."

"Makande gani?"

"Nilikipashia chunguni."

Akakichomoa kidomo, akakiinua kuelekea dirishani. Akaomba pini ya kilemba cha Bibi, akachokonoa, na punje moja ya mahindi, nene, nyeupe, ikadondoka kiganjani. Akaitazama. Akaitia mdomoni, akaitafunia pembeni. "Haina chumvi," akasema, akakirudisha kidomo mahali pake. Besi aliyoipiga siku hiyo niliisikia tumboni. Bibi alinifinya paja, na sidhani kama amewahi kuniachia.

Sasa niko kidato cha tatu, nalala bweni huku Same, tambarare, ambako Julai ni joto lililopumzika kidogo. Muziki tunao kwenye simu tunazoficha chini ya magodoro, na hakuna anayelazimika kuupasha. Ujana ni moshi, wanasema, ingawa wetu bwenini unanuka zaidi soksi. Likizo ya mwezi wa sita nilipanda nyumbani. Nilimkuta Babu ameketi jikoni, meno yote ya mbele yamekwenda, tarumbeta mapajani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaninyooshea kidomo.

"Nakijwa, hebu chungulia. Nadhani kuna punje."

Nikaenda nacho dirishani. Nilichungulia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Tundu lilikuwa safi, mwanga unapita mpaka upande wa pili, namwona hadi kuku wa Bibi uani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo niliipita.

"Ipo, Babu. Imeingia ndani sana."

Akanitazama. Halafu akacheka, kinywa wazi, fizi zote nje.

"Basi lichukue lote," akasema. "Utaitoa kwa kupuliza."

Nimefika noti ya tatu. Bwenini wanasema nasikika kama mbuzi mwenye mafua.